Urani ya Namtumbo na gharama ya sheria ya dharura

Kati ya Oktoba 2023 na Novemba 2024, Serikali ya Tanzania ilikubali kuzilipa kampuni tatu za utafiti wa madini jumla ya dola milioni 147 za Marekani. Winshear Gold ya Kanada, iliyokuwa na mradi wa dhahabu kusini-magharibi mwa nchi, ilipatana na Serikali kwa dola milioni 30. Indiana Resources ya Australia, iliyokuwa ikitafiti nikeli katika kilima cha Ntaka wilayani Nachingwea, ilipatana kwa dola milioni 90. Montero, nayo ya Kanada, iliyoshika eneo la madini adimu la Wigu mkoani Morogoro, ilikubali dola milioni 27. Kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi bilioni 370. Hakuna hata moja kati ya kampuni hizo iliyokuwa imefungua mgodi katika maeneo hayo. Kilicholipiwa ni leseni zilizofutwa na kazi ya utafiti iliyokuwa nyuma yake. Na madai yote matatu yana mzazi mmoja: uamuzi wa kufuta leseni za kuhodhi maeneo, uliotokana na mabadiliko ya sheria yaliyopitishwa Bungeni kwa hati ya dharura Julai 2017.

Habari hizi zilipita magazetini kama habari za Wizara ya Madini na za wanasheria wa Dodoma. Hapa wilayani Namtumbo zingepaswa kusomwa kwa utulivu zaidi. Julai 30, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua hapa kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani cha mradi wa Mto Mkuju, unaoendeshwa na Mantra Tanzania, kampuni iliyo chini ya Uranium One ya shirika la Rosatom la Urusi. Mradi huo ulipata leseni maalumu ya uchimbaji mwaka 2013, ukakaa zaidi ya miaka kumi bila mgodi kwa sababu bei ya urani iliporomoka baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011. Miaka yote hiyo wananchi wa Likuyu Sekamaganga na vijiji jirani walisikia ahadi, wakaona magari yakipita, wakarudi kwenye mpunga, ufuta, mbaazi na tumbaku. Hali ya namna hiyo ndiyo inayozaa sheria za hasira. Iwapo mgodi mkubwa utajengwa na matunda yake yakachelewa au yakawa haba, utafika wakati mwanasiasa atasimama jukwaani na kudai leseni ifutwe kesho asubuhi, naye atashangiliwa. Ni vizuri tukajua mapema bei ya makofi hayo.

Turudi 2017. Machi mwaka huo Serikali ilizuia makinikia ya dhahabu na shaba yasisafirishwe nje. Kamati mbili, ya Profesa Abdulkarim Mruma na ya Profesa Nehemiah Osoro, zikatoa taarifa zilizoitikisa nchi, na kampuni ya Acacia ikadaiwa kodi na adhabu za dola bilioni 190. Katika joto hilo Bunge lilipitisha sheria tatu kwa siku chache. Ya kwanza ni Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili. Ya pili ni Sheria ya Mapitio na Majadiliano Kuhusu Masharti Hasi Katika Mikataba ya Maliasili za Nchi. Ya tatu ilikuwa marekebisho ya sheria mbalimbali, ikiwamo Sheria ya Madini ya 2010, na humo ndimo leseni za kuhodhi maeneo zilipoondolewa katika orodha ya haki za madini. Leseni hizo zilimruhusu mtafiti aliyekwisha kugundua madini kulishika eneo wakati akisubiri bei ipande, mtaji upatikane au teknolojia ifae. Januari 2018 kanuni zikamalizia kazi: leseni zote za aina hiyo zilizokwisha kutolewa zimefutwa, na haki zake zimerudi serikalini. Hakukuwa na kipindi cha mpito wala utaratibu wa mwenye leseni kusikilizwa, na fidia haikutajwa. Desemba 2019 Tume ya Madini ikatangaza zabuni ya maeneo hayo, likiwamo la Ntaka. Tangazo hilo liliwarahisishia wadai kazi, maana lilionyesha wazi kwamba walichonyang'anywa kilikuwa na thamani ya kuuzwa kwa mtu mwingine.

Watetezi wa sheria za 2017 watasema, na wana haki kusema, kwamba hesabu hii ni ya upande mmoja. Msimamo wa mwaka ule ulileta Barrick, mwenye hisa mkuu wa Acacia, mezani, ukazaa kampuni ya Twiga ambamo Serikali ina hisa asilimia 16, ukaleta makubaliano ya malipo ya dola milioni 300. Ukiweka 300 mkono huu na 147 mkono ule, nchi imebaki na faida. Hoja hii ina uzito, lakini inachanganya vitu viwili ambavyo sheria zile zilivifunga katika furushi moja. Twiga ilitokana na mazungumzo marefu na kampuni iliyokuwa na migodi inayofanya kazi, kodi inayobishaniwa na sababu nzito ya kutaka kubaki nchini. Hisa huru zisizopungua asilimia 16 ni kanuni ya jumla iliyoelekezwa kwa kila mwenye leseni ya uchimbaji, na wawekezaji waliofuata waliikubali. Mradi wa nikeli wa Kabanga ulisaini mkataba wake Januari 2021 kwa hisa hizo hizo. Dola milioni 147 hazikuwa gharama ya lolote kati ya hayo. Zilikuwa gharama ya aya chache za kanuni zilizofuta haki za watu bila kuwasikiliza. Zingeondolewa aya hizo, Twiga ingekuwapo, asilimia 16 ingekuwapo, na shilingi bilioni 370 zingebaki Hazina. Kuna tofauti kubwa kati ya kujadiliana ukiwa na nguvu na kunyang'anya ukiwa na haraka, na Tanzania imefanya yote mawili kwa sheria za mwezi mmoja, ikavuna matokeo tofauti kabisa.

Hoja nyingine ya upande ule ni ya haki, na binafsi naiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote. Leseni za kuhodhi zilikuwa mchezo wa walanguzi. Mtu anapata eneo, analikalia, anapandisha bei ya hisa zake kwenye soko la Toronto au la Sydney kwa kutumia ardhi ya Nachingwea, na Nachingwea haipati hata kisima. Ni kweli kabisa kwamba hilo lilitokea. Ila Sheria ya Madini ya 2010 haikuwa imelala usingizi. Leseni ya kuhodhi ilikuwa na ukomo wa miaka 5, ikiweza kuongezwa mara moja tu. Bunge lingeweza kufuta aina hiyo ya leseni kwa siku zijazo, likawapa waliokuwa nazo miezi 18 au 24 ya kuomba leseni ya uchimbaji na kuonyesha mtaji, na atakayeshindwa apoteze eneo kwa kosa lake mwenyewe. Mlanguzi angefikwa na siku yake akiwa hana cha kudai popote. Badala yake Serikali ilimgeuza mlanguzi kuwa mdhulumiwa, ikamlipia nauli ya kwenda Washington.

Washington, kwa sababu ndiko kilipo Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji, kilicho chini ya Benki ya Dunia. Kampuni tanzu za Indiana zilizosajiliwa Uingereza zilikwenda huko kwa mkataba wa kulinda uwekezaji ambao Tanzania na Uingereza zilisaini mwaka 1994, na zile za Kanada zilitumia mkataba wa 2013. Julai 2023 jopo liliipa Indiana tuzo ambayo, pamoja na riba, ilipita dola milioni 109. Msingi wake ulikuwa chini ya milioni 77, na kilichobaki ni riba iliyokuwa ikipanda huku mabishano yakiendelea. Tanzania iliomba tuzo ibatilishwe, kisha ikapatana kwa milioni 90 Julai 2024. Wapo wanaosema majopo hayo ni vyombo vya mabeberu na hukumu zake zimeandikwa kabla ya kesi kuanza. Wanaosema hivyo wameisahau kesi ya kampuni ya Biwater. Mwaka 2005 Serikali ilivunja mkataba wa maji wa Dar es Salaam na kampuni ya City Water, ambayo Biwater ilikuwa mbia wake, ikawaondoa viongozi wake nchini. Jopo la kituo kile kile, likitumia mkataba ule ule wa Uingereza, lilisema mwaka 2008 kwamba Tanzania ilikiuka wajibu wake, kisha likakataa kuipa Biwater hata senti moja ya fidia, kwa kuwa biashara ya City Water ilikuwa imekwisha kufa kabla Serikali haijaigusa. Majopo hayo yana kasoro nyingi: ni ya gharama, wasuluhishi ni kundi dogo linalozunguka katika kesi zile zile, na mwananchi anayeishi karibu na mgodi hana kiti mle ndani. Lakini huwezi kusema hayasikilizi ushahidi. Katika kesi ya Ntaka ushahidi ulikuwa Gazeti la Serikali.

Na kujitoa katika mikataba hii ya uwekezaji je? Tanzania ilijaribu. Mkataba wake na Uholanzi ulikoma Aprili 2019. Hata hivyo mikataba ya aina hiyo huwa na kifungu cha mkia: ule wa Uholanzi unaendelea kuwalinda waliowekeza kabla ya kukoma kwake kwa miaka 15 zaidi. Anayedhani tutafunga mlango leo na kesho tufute leseni bila gharama hajasoma kurasa za mwisho za mikataba yenyewe. Kuipitia mikataba hiyo upya ni jambo la maana, na nchi kadhaa zimekuwa zikifanya hivyo kwa utaratibu, ila matunda yake watayaona watoto wa shule za msingi za leo.

Kuna kifungu katika sheria ya kwanza ya 2017 kinachosema migogoro ya maliasili isipelekwe katika mahakama au baraza lolote la nje. Kinasomeka vizuri, kina fahari ndani yake, na kwa kampuni hizi tatu hakikuzuia chochote, kwa kuwa ridhaa ya kushtakiwa nje ilikwisha kutolewa kwenye mkataba wa nchi kwa nchi. Nchi haiwezi kutumia sheria yake ya ndani kujitoa katika ahadi iliyompa jirani. Ajabu ni kwamba kifungu hicho hakijawafaa hata wananchi. Mwaka 2023, katika shauri la makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai lililosikilizwa na Mahakama Kuu mjini Mbeya, walalamikaji walizishika sheria hizi za 2017 kama ngao yao, wakionyesha kwamba makubaliano yale yanapeleka migogoro kwenye usuluhishi wa nje. Agosti 10 mahakama ililitupa shauri lao. Mtu anaweza kukubaliana na hukumu ile au asikubaliane nayo, lakini swali linabaki pale pale: sheria isiyomzuia mgeni kwenda nje, na isiyomsaidia mwenyeji akiwa ndani, ilitungwa kwa ajili ya nani?

Hapa ndipo suala linapoiangukia Namtumbo moja kwa moja, na hapa ndipo nadhani mjadala wetu wa kisheria umekuwa ukikosea njia. Tumezoea kuiona haki ya kampuni na haki ya mwanakijiji kama maadui, kwamba ukiilinda moja umeipunja nyingine. Lakini kanuni iliyovunjwa Januari 2018 haikuwa kanuni ya wawekezaji. Imo katika Katiba yetu. Ibara ya 24 inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili, na Ibara ya 13(6)(a) inampa mtu haki ya kusikilizwa pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Hiyo hiyo ndiyo inayomlinda mwenye hati ya haki miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na ndiyo inayovilinda vijiji vinavyounda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Mbarang'andu. Serikali ikizoea kufuta haki kwa kanuni ya aya mbili, haitauliza kwanza kama mwenye haki ni tajiri wa Toronto au mkulima wa Mgombasi. Tofauti ya hao wawili itaonekana baadaye, wakati wa kudai. Mwenye leseni ana Washington, ana mawakili, ana riba inayohesabiwa hadi siku ya malipo. Mkulima ana baraza la kijiji, baraza la kata, na nauli ya kwenda Songea kama anayo.

Angalia suala la riba peke yake. Kanuni za ukadiriaji wa fidia za mwaka 2001 zinasema fidia ya ardhi iliyotwaliwa ikipita miezi sita bila kulipwa, riba ianze kuhesabiwa. Ni haki ileile iliyoifanya tuzo ya Indiana kuvimba kutoka milioni 77 hadi 109. Lakini ni wangapi katika nchi hii waliopisha barabara, hifadhi au mgodi na kulipwa riba hiyo bila kuipigania? Tumejenga mfumo ambamo mgeni anakumbushwa haki zake na mawakili wake kila asubuhi, na mwenyeji huzisikia kwa mara ya kwanza siku anapotia saini fomu ya mthamini.

Kwa miaka kadhaa hata mlango wa kwenda kulalamika kwa niaba ya wengine ulibanwa. Mwaka 2020 Bunge lilirekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, likataka kila anayefungua shauri la kikatiba aape kiapo kueleza jinsi ukiukwaji anaoulalamikia ulivyomgusa yeye binafsi. Ukikosa kuguswa binafsi, funga mdomo. Sharti hilo lilikwenda kinyume na Ibara ya 26(2), inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi. Juni 2025, katika rufaa ya wakili na mtetezi wa haki za binadamu Onesmo Olengurumwa, Mahakama ya Rufani ilisema sharti hilo haliendani na Katiba. Kwa maoni yangu hiyo ni hukumu ya madini kama ilivyo hukumu ya haki za binadamu. Maji ya upande wa Mkuju hutiririka kuelekea bonde la Rufiji, na eneo la mgodi, takriban hekta 20,000, lilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous kwa idhini ya Kamati ya Urithi wa Dunia mwaka 2012. Likitokea tatizo la maji au la mabaki ya mionzi, atakayeguswa kwanza huenda akawa mtu asiyejua kusoma ripoti ya mazingira. Ni lazima awepo mwingine anayeweza kusimama kwa niaba yake.

Kuna atakayeuliza kama haya yote si kuwafunga mikono wabunge, kwamba tunawaambia waogope kampuni kuliko wananchi. La hasha. Sheria ya masharti hasi ina mashine ya kutosha ndani yake: Bunge likiona sharti baya linaweza kuazimia lijadiliwe upya, Serikali inatoa taarifa kwa mwekezaji, mazungumzo yanafanyika ndani ya siku 90. Inaweza kulaumiwa kwa mengine, hasa pale inaposema sharti lililoshindikana kukubaliwa lihesabike limefutwa, lakini angalau inamwita mtu mezani kabla ya kumhukumu. Njia hiyo ndiyo iliyostahili kutumika kwa Ntaka, Wigu na maeneo mengine. Kinachohitajika sasa ni Bunge kujiwekea kizuizi chake lenyewe: muswada wowote unaogusa haki zilizopo za ardhi au madini usipitishwe kwa hati ya dharura, na uwe na sehemu ya mpito inayosema nani ataguswa, atasikilizwa wapi na atalipwa nini. Kamati husika ikae nao muda wa kutosha wananchi wa maeneo yenyewe wafike kuuliza maswali. Wabunge waliochaguliwa Oktoba 2025 wana miaka mitano ya kulifanya hilo, kabla mgodi mkubwa wa Mkuju haujaanza kuleta mapato ya kugombaniwa.

Namtumbo yenyewe haihitaji kusubiri Dodoma. Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamtaka Waziri aitangaze hadharani mikataba na leseni za madini, mafuta na gesi. Utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua, na mali bila daftari, wahenga walishasema, huisha bila habari. Sheria ya Madini baada ya 2017 inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri juu yake. Ushuru wa huduma unaotozwa kwa asilimia ya mauzo nao ni wa halmashauri. Baraza la madiwani linaweza kudai nakala ya mkataba wa Mkuju, mpango wa huduma wa mwaka na taarifa za vipimo vya mionzi za Tume ya Nguvu za Atomiki, vibandikwe katika ofisi ya kila kijiji kilicho jirani na mradi, kwa Kiswahili, pamoja na orodha ya fidia zilizolipwa na tarehe zake. Halmashauri ina mwanasheria wake. Barua ya kwanza kwenda kwa Waziri, ikinukuu kifungu cha 16, haizidi ukurasa mmoja.